Uzi Mwekundu Kwenye Kola

Sehemu ya Sita

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya. Niliwaacha nikiwa mbele ya kabati la mwenye nyumba, shati la buluu mkononi, kola nimeigeuza, macho yamenitoka. Wengi mmeniandikia kuuliza niliona nini. Msomaji mmoja hakuuliza kitu. Yeye ameniambia moja kwa moja kwamba mimi ni mpumbavu. Ndugu yangu, kuwa na subira. Upumbavu wenyewe sijaufikia.

Kwa waliochelewa kuingia: mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu, kama alivyofanya marehemu baba yangu. Nafanya kazi hiyo na mke wangu na mama yangu mzazi, katika nyumba ya vyumba viwili na ua. Mke wangu mikono imempasuka kwa sabuni na dawa ya madoa, hadi akikamua shuka vidole vinatoa damu. Daktari alimwambia aache maji. Tukatoka pale tukicheka, maana mke wa dobi aache maji afanye nini?

Ndipo nikasikia habari za kipindi cha runinga kiitwacho Kwangu Kwako. Watu wawili wanabadilishana maisha kwa siku nane. Unalala kwake, unafanya kazi yake, unakaa na watu wake, na yeye vivyo hivyo kwako. Hakuna simu wala kuonana na watu wako, mpaka siku ya nane mnapokutana wote kwenye meza moja mbele ya kamera. Ukimaliza bila kuvunja sheria, unachagua zawadi. Mimi nilishachagua kabla hata ya kuulizwa: mashine kubwa ya kufulia, ile inayokamua yenyewe.

Wakanibadilisha na mkurugenzi wa kampuni ya vigae. Yeye akaenda kukamua shuka uani kwangu, mimi nikaja kukalia kiti chake kinachozunguka. Siku nne zikaenda salama. Siku ya tano asubuhi nikafungua kabati lake nitafute koti la kuvaa kwenye mkutano.

Sasa sikilizeni habari ya uzi.

Dobi akishika shati haangalii rangi wala kitambaa. Anageuza kola. Ni ugonjwa, siwezi kujizuia. Hata msibani naweza kukupa pole huku nakuchungulia kola. Ndani ya kola ndiko tunakoweka alama. Kila mteja ana uzi wake. Mwalimu mkuu ni kijani, mishono mitatu. Mama wa duka la dawa ni njano, mshono mmoja. Tunashona mahali ambapo mwenyewe haoni, na nguo zikichanganyika kwenye beseni, uzi ndio unaotuambia hii ni ya nani.

Mwekundu hapewi mteja. Mwekundu ni wetu. Wiki ile tuliyooana, soksi zangu zilikwenda kimakosa kwa mteja, naye akazivaa kabisa. Mke wangu akasema, "Basi. Kuanzia leo watu wa nyumba hii ni wekundu." Tangu hapo nguo zangu, zake na za mama zina uzi mwekundu, mishono miwili, na fundo limelala kushoto, kwa sababu mke wangu hushona kwa mkono wa kushoto. Fundo lile hakuna mwingine anayelifunga. Nimejaribu mimi miaka kumi na minne, nimeshindwa.

Na shati lile la buluu, katikati ya mashati ya mkurugenzi, lilikuwa na uzi mwekundu. Mishono miwili. Fundo kushoto.

Nilikaa kitandani. Niliitazama ile mishono. Ilikuwa imepinda, mmoja mrefu, mmoja mfupi, na mke wangu hashoni hovyo. Nikajiambia imeshonwa kwa haraka. Imeshonwa na mtu anayejificha. Mke wangu alimjua huyu bwana kabla ya kipindi, alimfulia nguo zake nisipokuwepo, na akampa rangi ya watu wa nyumbani.

Mtu mwingine angewaza vinginevyo. Fundi viatu angeliona shati, akalivaa, akaenda zake kazini. Mimi nilisoma uzi.

"Fundi, umekuwaje? Umepauka."

Alikuwa mtayarishaji wa kipindi. Nitamwita Bi Kata, kwa sababu kutwa nzima kazi yake ni kusema "kata" kamera isimame. Siku ile hakulisema neno hilo hata mara moja.

"Sina kitu," nikamwambia.

"Hilo shati lina nini?"

"Nimesema sina kitu."

"Basi njoo ukaniambie vizuri kwamba huna kitu."

Akanipeleka kwenye chumba cha kusemea. Ilikuwa stoo ya mkurugenzi, wameitundikia kitambaa cheusi, wakaweka kiti kimoja na kamera moja. Humo ndimo nilimokuwa naingia kila siku kusema ya moyoni. Siku nne nilikuwa nimesema habari za godoro laini. Siku ya tano damu ilikuwa inanichemka.

"Anza na uzi," akasema Bi Kata kutoka nyuma ya kamera, sauti ya chini, kama nesi. "Nieleze mimi nisiyejua."

Nikamweleza.

"Kwa hiyo mwekundu ni wa watu wa ndani tu?"

"Wa ndani tu."

"Na mkurugenzi ni mtu wa ndani?"

Nikainua macho kwenye kamera.

"Nauliza tu," akasema.

Wanawake na wanaume mnaosoma hapa, mkikutana na mtu anayesema "nauliza tu", kimbieni. Mimi sikukimbia. Nilisema mke wangu ana mtu. Nilisema sasa naelewa kwa nini alikubali upesi nilipomletea habari za kipindi. Nilisema akitaka abaki naye, mimi sitamgombania. Nikaongeza na maneno mengine ya hasira ambayo hayana haja hapa.

Bi Kata akaniletea maji. Akanishika bega. "Umekuwa mkweli sana, fundi," akasema, nami kichwa kikanivimba kidogo, nikajiona mwanaume kweli.

Shati nikalificha chini ya godoro liwe ushahidi.

Siku ile na iliyofuata nilikwenda ofisini kama kawaida. Waliniletea vigae sampuli, wakaniuliza vya ukumbi viwe vya rangi gani. Nikasema yoyote. Wakaandika. Nilikuwa nakaa kwenye kile kiti nikijizungusha polepole, nikiwaza nitakavyomwaibisha mke wangu siku ya meza.

Mtaniuliza, mbona hukurudi nyumbani kumuuliza mwenyewe? Nilifikiria. Nikakumbuka sheria. Nikajiambia, ameshaniharibia ndoa, basi walau mashine nisiikose. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowaza, na sina pa kujificha tena.

Siku ya saba, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nimekaa na mke wa mkurugenzi. Ni mama wa watoto pacha wanaosoma bweni, kwa hiyo nyumba nzima wanamwita Mama Pacha. Tangu siku ya tatu alikuwa ananiita shemeji, kwa utani.

"Shemeji," akasema, "leo siku ya tatu husemi. Ofisini wamekuudhi?"

"Ofisini hawana kosa."

"Basi mimi?"

"Wewe huna kosa, Mama Pacha. Wewe na mimi ndio tuliokosewa."

Akaweka kikombe chini.

Nikainuka, nikaenda kulitoa shati chini ya godoro, nikalitandaza mezani mbele yake kama polisi anayeonyesha kisu. Nikageuza kola. Nikamweleza rangi, mishono, fundo, na maana yake. Nilitegemea alie. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kumtuliza.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji, mume wangu umemwona?"

"Siku ya kwanza. Tulipeana mikono."

"Shingo yake uliiona?"

Sikuelewa. Akalivuta shati, akaweka kidole ndani ya kola, palepale, nusu kidole tu kutoka kwenye uzi, akanisomea namba. "Kumi na tano. Mume wangu anavaa kumi na nane, na bado kifungo cha juu hakifungi. Shati hili angeingiza mkono mmoja tu, wa pili ubaki nje."

Mimi navaa kumi na tano.

"Na tena ni jipya," akasema. "Ona, pini ya dukani hii hapa haijatolewa."

Ni kweli. Ilikuwa chini ya kola, inang'aa. Mikunjo ya kwenye boksi ilikuwa bado kifuani. Shati halijawahi kuguswa na tone la maji, na mimi, dobi mtoto wa dobi, nimelilalia usiku mara mbili sikuona.

"Sasa limefikaje kabatini?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kwa mbali.

Akaacha kucheka. "Hawajakuambia mpaka leo?"

"Nani aniambie?"

"Yule mama wa kamera. Siku ya nne alileta mfuko kutoka kwa mkeo. Mkeo alikuwa na wasiwasi utakwenda kwenye mkutano wa wakubwa na kola iliyochakaa. Zawadi haziruhusiwi, lakini yule mama akasema hii itapendeza kwenye picha. Akaniambia nilitundike katikati ya mashati ya mume wangu, ninyamaze, wao wakupige picha ukiligundua."

"Ukanyamaza."

"Ningefanyaje? Nilijua utafurahi. Na mkeo mwenyewe ndiye aliyesema usiambiwe. Alisema, 'Hana haja ya barua. Akigeuza kola tu, atajua ni mimi.'"

Jamani.

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia mbele ya mke wa mtu, kwenye meza ya watu, na kamera ikiwa kona ile. Niliitazama tena ile mishono iliyopinda. Haikuwa haraka, wala kujificha. Ilikuwa vidole vilivyopasuka vikishika sindano nyembamba. Mke wangu alishona kwa maumivu ili mimi nijue ananikumbuka, nami nikajua kitu kingine kabisa.

Nilimkuta Bi Kata barazani, amevaa vile vya masikioni vya kusikilizia. Alikuwa ameshasikia kila neno. Kipaza sauti kilikuwa kifuani kwangu.

"Ulijua!" nikamwambia.

"Nilijua."

"Ulijua, ukaniacha niseme yale yote!"

"Nilikuuliza, fundi. Uliyejibu ni wewe."

"Yafute."

"Siwezi."

"Basi yasionyeshwe."

"Tulia. Kipindi kinarushwa mwezi ujao."

Nikashusha pumzi. Mwezi ujao. Kumbe nafasi ninayo. Kesho tukitoka mezani nitampeleka mke wangu pembeni, nitapiga magoti, nitamwambia kwa mdomo wangu kabla hajasikia kwa mtu.

"Ila mkeo anaonyeshwa leo," akaendelea, akiangalia saa yake. "Saa kumi. Ukurasa wa nne wa mkataba, siku ya saba kila upande unatazama vipande vya upande wa pili. Si ulisaini?"

Nilisaini. Kurasa zile nilizipitia kama mtu anayehesabu soksi.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

"Ukitoka nje ya geti hilo umevunja sheria," akasema alipoona ninakotazama. "Kwenye meza utakaa, maana hilo nalo umelisaini. Lakini mashine huna."

"Mashine kaeni nayo."

Nikatoka mbio na kandambili za mkurugenzi, ambazo zilikuwa kubwa kwangu, zinapiga kelele barabarani kama makofi. Hatua mia sijazimaliza, nikasikia gari nyuma. Ni wao. Mpiga picha ametoa nusu ya mwili dirishani, kamera begani, na Bi Kata yuko karibu yake.

"Fundi!" akaita. "Unajisikiaje?"

"Nipeni basi lifti!" nikamwambia. Kwa kweli nilifikiri watanipa.

"Haturuhusiwi kuingilia," akajibu.

Wakanifuata hivyo hivyo, polepole, mimi nakimbia, wao wamekaa. Watu wakasimama madukani kutazama. Bwana mmoja akapaza sauti, "Mzee, wewe ndiye mwizi au ndiye unayemfukuza?" Watu wakacheka. Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Kandambili moja ilikatika kwenye njiapanda, nikaiacha, nikaendelea na mguu mmoja peku.

Nilifika kwangu saa kumi na dakika kumi.

Uani, kwenye meza yangu ya pasi, alisimama mkurugenzi. Amevaa aproni yangu, haimfiki ubavuni, jasho linamtiririka. Aliponiona akaganda, na pasi ikaganda naye juu ya shuka la mtu.

"Fundi," akasema, "mimi sijasema lolote. Nakuapia. Huyu mama hata jina langu halijui."

Nikaitazama shingo yake. Ilikuwa imetoka moja kwa moja kwenye mabega, nene, nyekundu kwa joto. Kumi na nane ilikuwa ni kumfanyia hisani.

"Inua pasi," nikamwambia. Shuka lilishaanza kutoa moshi.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Nyuma yake, kwenye chumba cha mbele, kompyuta yao ndogo ilikuwa wazi juu ya rundo la nguo zilizokunjwa, na kwenye kioo nilikuwemo mimi, nimesimamishwa katikati ya neno, mdomo wazi. Yeye hakuwa analia. Angekuwa analia ningejua pa kuanzia.

"Mwenzangu," nikasema nikihema, "nimekosa. Lile shati, nimejua leo tu. Niliona uzi nikapotewa na akili."

"Uliuona lini?"

"Juzi asubuhi."

"Juzi." Akatikisa kichwa taratibu. "Ukalala?"

"Nini?"

"Nakuuliza. Ulipojua mkeo ana mtu, usiku ulilala?"

"Nililala."

"Ukala?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nyuma yangu gari lilishasimama, na humo mlikuwa na kamera iliyonipiga picha nikiomba kuongezwa sahani.

"Nilikula."

"Sawa. Na mbona hukuja kuniuliza? Mbali siyo. Umekuja kwa miguu."

"Sheria zilikuwa haziruhusu."

"Leo zimeruhusu?"

Mkurugenzi akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Kwa hiyo," mke wangu akasema, "siku mbili nzima ulijua mkeo anakuzunguka, ukaona heri ukae kimya, usije ukaikosa mashine."

"Mashine ni kwa ajili ya mikono yako!"

Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Wasomaji wangu, kuna kitu nimewaficha. Kule juu niliwaambia kwamba kwenye chumba cha kusemea niliongeza maneno mengine ya hasira, nikasema hayana haja hapa. Yana haja. Niliyaruka kwa sababu nilitaka muendelee kunihurumia kidogo. Msikieni yeye akiyasema, maana mimi kuyarudia siwezi.

Aliinua mikono yake yote miwili. Vidole vinne vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Hii?" akasema. "Hii ndiyo ile uliyowaambia hujui mwanaume wa maana ameona nini kwake? 'Mikono yenyewe kama msasa.' Si ndivyo ulivyosema? Na kucheka ukacheka. Mama yako amesikia. Huyu mgeni amesikia. Mwezi ujao watasikia hata wanaotuletea nguo."

"Nilisema kwa hasira, wallahi."

"Najua. Na ile ya kuwa na mtu nilikusamehe nikiwa bado natazama. Ule ni ujinga, na ujinga wako nimeuzoea tangu tumeoana." Akashusha mikono. "Lakini hili la mikono hukulipata juzi kwenye shati. Hili ulikuwa nalo."

Ningesema uongo angejua, na ningesema kweli, kweli yenyewe ni kwamba ziko siku alinishika bega nami nikajisogeza kidogo, kidogo tu, nikijiambia kwamba haoni. Kumbe aliona. Siku zote aliona.

Nikamwita mama yangu. Mama amekuwa mtetezi wangu tangu nazaliwa. Hata nilipovunja dirisha la jirani kwa mpira alisema dirisha lilikuwa bovu. "Mama! Njoo umwambie mkweo huyu, mimi sina ubaya!"

Hakuitika. Nikanyoosha shingo kupita bega la mke wangu, nikamwona. Amekaa kwenye kitanda chetu, begi kubwa la safari liko wazi mbele yake, anakunja nguo za mke wangu. Anakunja vizuri, mikono ya gauni ndani, kola juu, kama anavyokunja za mteja anayeheshimika.

"Mama, unamsaidia kuondoka?"

"Simsaidii," akajibu bila kuinua kichwa. "Chini ya hizi kuna zangu."

Bi Kata alikuwa ameshaingia uani akiwa na kipaza sauti. Akanipita mimi kama sipo, akasimama mbele ya mke wangu, akaweka ile sauti yake ya nesi.

"Mama, una neno la kumwambia mumeo?"

Mke wangu akaitazama kamera. Hakuwa ameitazama hata mara moja tangu nifike. Akaitazama kwa muda, kama anayepima kitambaa kama kitahimili pasi.

"Ninalo," akasema. "Nitalisema kesho kwenye meza."

"Niambie sasa," nikamwambia. Nilikuwa nimepiga magoti, sijui saa ngapi. "Tafadhali. Lolote liwe, niambie sasa, mimi na wewe tu."

"Wewe uliniambia mimi na wewe tu?" Akashika mlango. "Utalisikia pamoja na watu wote. Kama nilivyosikia mimi."